Mashua ya faiba haiozi, huoza moyo wake

Tembea ufukweni popote hapa kwetu, tangu Vanga hadi Kiunga, na hutakosa kuiona: mashua ya faiba iliyobwagwa kando, imepauka kwa jua, imejaa maji ya mvua na makumbi ya nazi, wala hapana amkumbukaye mwenyewe. Dau bovu lilikuwa na mwisho wake wa heshima. Mbao zilitiwa jikoni, misumari ikang'olewa na kunyoshwa, mataruma yakawa nguzo za banda la mbuzi. Lakini faiba haichomeki ila kwa moshi wa sumu, na mchwa hawaitaki. Hukaa pale pale hata wajukuu wakaikuta.

Sasa nauliza, ndugu msomaji: chombo kisichooza, mbona twakitupa?

Swali hilo ndilo lililonifanya, mwezi wa Januari 2022, ninunue ganda la mashua ya futi 17 lililokuwa limelala miaka mingi nyuma ya hoteli moja ya pwani ya kaskazini, nikalipakia lori hadi uani kwetu Kisauni. Binamu zangu wawili ni wavuvi wa mshipi, na wakati ule walikuwa wakienda baharini kwa chombo cha watu. Fungu la mwenye chombo lilitoka kwanza, kabla wao hawajanunua hata unga. Mashua mpya hawakuiweza. Hii ya zamani, ikitengenezeka, ingewapa chao wenyewe. Lakini ikiwakatikia huko nje ya mwamba wakati wa kusi, ingewapa mauti. Kwa hivyo haikuwa kazi ya kupaka rangi na kushangilia.

NINI HASA FAIBA?

Wengi huiita plastiki, na kwisha. Lakini faiba ni nyuzi nyembamba za kioo zilizoloweshwa gundi ya majimaji iitwayo resini, ambayo hutiwa dawa ya kuigandisha ikawa ngumu. Nyuzi hutoa nguvu, na resini huzishikanisha. Juu yake huwa na jelikoti, ile ngozi ya rangi inayong'aa. Vyombo vya namna hii vilianza kuundwa Marekani katika miaka ya 1940, na vilipotufikia huku watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Hapana tena kutia kalafati, hapana kupaka sifa wala deheni, na minyoo ya baharini inayotoboa mbao haina chake.

Ila katika furaha hiyo tulisahau jambo moja. Ndani ya ganda la faiba, aghalabu, mna mbao. Shetri, yaani ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine, huwa na plaiwudi iliyofichwa katikati ya faiba. Sakafu nayo mara nyingi ni vivyo hivyo, na chini yake hujazwa povu gumu ili chombo kielee hata kikijaa maji. Huo ndio moyo wa mashua. Bolti moja ikilegea, tundu moja la skrubu lisipozibwa, maji huingia polepole na ubao ukaoza gizani, ilhali nje mashua inang'aa kama bibi harusi.

Siku ya kwanza alikuja mzee mmoja wa mtaani, fundi wa majahazi tangu ujana wake, akaizunguka akiigonga kwa bakora.

"Waionaje, ami?" nikamuuliza.

"Mwanangu," akasema, "chombo hakiuawi na maji ya nje. Chauawa na maji yaliyolala ndani."

Hiyo bakora ndiyo daktari. Gonga kwa kitu kigumu, mpini wa nyundo watosha, kisha sikiliza. Panapolia kavu na kwa ukali ni pazima. Panapotoa sauti butu, kama boga lililoiva mno, pameoza. Shetri yetu ililia butu kutoka upande hadi upande.

KAZI YENYEWE

Tulikata ngozi ya ndani ya shetri, tukaiacha ile ya nje. Plaiwudi ilitoka kwa patasi na kwa mikono, nyeusi na laini kama tumbaku ya kutafuna. Povu la chini ya sakafu lilikuwa limenywa maji kama sifongo. Ukumbuke kwamba kila lita ya maji ni kilo moja. Mashua iliyomeza pipa la lita 200 inabeba kilo 200 za bure, na mwenyewe hulaumu mashine kuwa imechoka.

Baada ya hapo ni kukausha, na hapa ndipo wengi hukosa subira. Tuliipindua chini ya banda la makuti, upepo wa kaskazi ukaipuliza miezi miwili na zaidi. Chini ya mashua palikuwa na malengelenge. Ukitoboa moja hutoka maji yenye harufu ya siki, ishara kwamba unyevu umepenya jelikoti na kuichokonoa resini. Yote yalifunguliwa, yakaoshwa kwa maji baridi, yakaachwa wazi yakauke. Anayepaka dawa mpya juu ya unyevu amemfungia mwizi ndani ya nyumba.

Penye ufa hapazibwi kwa kiraka kilichobandikwa juu tu. Kingo husagwa kwa grenda zikawa mteremko mrefu, kiasi cha mara 12 ya unene wa ganda. Ganda la milimita 5 husagwa milimita 60 kila upande, kisha vitambaa vya faiba hupangwa, kimoja kikubwa kuliko kingine, hadi pakajaa. Mteremko huo ndio unaoshikanisha kipya na cha kale.

Resini ziko za namna mbili zinazotumika sana. Poliesta ni rahisi kwa bei, nayo ndiyo iliyoundia vyombo vingi. Epoksi ni ghali, lakini hushika vyema zaidi kwenye ubao na kwenye faiba iliyokwisha kukauka zamani. Kwa shetri hatukufanya ubahili, tulitumia epoksi. Kwa kazi ndogo ndogo za ndani tulitumia poliesta, na dawa yake ya kugandisha hupimwa, haikisiwi: asilimia 1 hadi 2 kwa uzito, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya resini. Katika joto letu tulichanganya nusu kilo tu kwa mara moja, alfajiri baada ya sala, kwani jua likipanda resini huganda ndani ya kopo kabla brashi haijafika kazini.

Shetri mpya ilikuwa mapande mawili ya plaiwudi ya baharini yaliyogandishwa pamoja, kingo zote zikanyweshwa epoksi. Kila tundu la bolti tulilitoboa pana kuliko lilivyohitajiwa, tukalijaza epoksi, na ilipokauka tukatoboa tena katikati yake kwa kipimo sawa. Hivyo bolti hupita katika epoksi tupu, haigusi ubao, na maji hayapati mlango. Msomaji akisahau yote niliyoandika leo, asilisahau hilo.

Ramadhani ilipoingia Aprili 2022 mvua za masika nazo zilikuwa zikibisha hodi. Tulifunika turubai, tukasimamisha kazi hata baada ya Idi.

JIRANI NA WATOTO

Uani si karakana, na jirani ana haki zake. Vumbi la faiba ni vioo vidogo vidogo: huwasha ngozi, na kifuani halina dawa. Siku ya kusaga tuliwaarifu jirani mapema, nguo zikaanuliwa, watoto na mbuzi wakahamishwa, tukavaa mikono mirefu na barakoa. Harufu ya resini ya poliesta nayo huhitaji barakoa yenye chujio la mvuke, si kitambaa cha kujifunga puani. Dawa ya kugandisha ikiingia jichoni yaweza kupofusha, kwa hivyo miwani haivuliwi. Na resini iliyobaki koponi huchemka yenyewe hata ikatoa moshi, basi kopo huwekwa mchangani, mbali na makuti.

MAFUNDI WETU WATAKWENDA WAPI?

Wako wanaosema kwamba faiba imeua ufundi wa Waswahili. Mimi sikubali. Mzee yule hakuwa amewahi kushika resini, lakini ni yeye aliyeona kwa jicho lake, bila rula, kwamba kigezo chetu cha shetri kimelala upande mmoja. Tulipopima, kweli. Jicho lile lilifunzwa na tezo na randa, na sasa limeitumikia grenda. Mtepe wa mababu ulishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, kisha ikaja misumari na ufundi haukufa. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walizindua jahazi la mita 9, Flipflopi, lililoundwa kwa takataka za plastiki, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Mkono uliojua mvule ulijua na plastiki.

Kinachokufa ni ada. Zamani chombo kilipwelezwa kila msimu, kikatazamwa ubao kwa ubao, kikatiwa kalafati na kupakwa deheni. Haikuwa hiari, kwa sababu mti ulidai haki yake waziwazi kwa kuvuja. Faiba haidai. Hunyamaza miaka 10, kisha hukatika siku moja. Kwa hivyo mwenye mashua ya faiba na airudishe ile ada ya wazee: mara moja kila mwaka aipandishe pwani, aigonge kote, achomoe bolti za shetri, atazame kama zimetoka na unyevu au na vumbi la ubao mweusi, kisha aziweke upya kwa dawa ya kuzibia. Ni kazi ya siku mbili. Sisi tulioiacha ikachelewa, kabla yetu na kwetu, ilitugharimu miezi tisa.

Mashua ilishushwa Septemba 2022, kusi ilipopoa, baada ya kukaguliwa. Kwanza watu wanne walisimama juu ya shetri wakairukiaruka, haikulia. Ikasomwa Fatiha, ikaingia maji ya bamvua. Binamu zangu hadi leo wanavua kwayo, na fungu la chombo linabaki nyumbani.

Nazo zile nyingine zilizolala ufukweni? Nyingi zinaweza kusimama tena. Vijana wapo, na wazee wenye jicho bado wapo, ingawa si wengi. Vyuo vya ufundi vya pwani vingefanya jambo kubwa vikiwakutanisha wangali hai. Na wewe mwenye mashua, chukua nyundo kesho asubuhi ukaigonge shetri yako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini baharini hakuna pa kujengea ukuta.