MBABULA MU NYUMBA: MAKALA, HEWA NA DAMU YA MTOTO

Mama, mwezi wa sita na wa saba unajua baridi ya Lubumbashi. Mji wetu uko juu, meta 1,200 hivi kupita bahari, na usiku baridi inaingia mpaka chini ya mlango. Mama aliyezaa juzi amerudi nyumbani, kurantu imekatika, na mama mukwe anasema: «Makala yameshawaka yote, moshi hakuna tena. Tuingize mbabula mu nyumba, mtoto apate joto.» Anasema hivyo kwa upendo. Lakini saa ile moshi umekwisha ndiyo saa ya hatari. Tuangalie sababu gani.

Makala ni nini? Wachomaji wanafunika miti kwa udongo ili hewa iingie kidogo tu. Maji na vitu vingine vya mti vinatoka pamoja na moshi. Kinachobaki, karibu chote, ni kaboni. Hewa nayo, sehemu 21 katika 100 ni oksijeni, ile tunayovuta tupate kuishi. Makala yakiwaka, kaboni inashikana na oksijeni. Kaboni moja ikipata oksijeni mbili, inatoka gazi ile tunayotoa sisi wenyewe tukipumua. Ikipata oksijeni moja tu, inatoka gazi nyingine, jina lake monokside ya kaboni. Mtoto wako anayesoma kemia anaziandika CO2 na CO. Vitu ni vile vile viwili, hesabu tu imebadilika, na hii ya pili inaua. Haina rangi, haina harufu, haiumizi macho, haileti kikohozi.

Sasa angalia mbabula. Chini, kwenye matundu, hewa inaingia nyingi, na gazi ya kwanza inazaliwa. Inapanda katikati ya makala mekundu, na makala yale yanainyang'anya oksijeni moja. Ndiyo namna inageuka kuwa ile mbaya. Ulishaona mwali mdogo wa buluu unacheza juu ya makala? Ni gazi hiyo inaungua. Mwali ukizimika, makala yakabaki mekundu na majivu juu, gazi haiungui tena: inapanda na kujaa nyumba. Bakuli la maji haliivuti. Kulala chini hakusaidii, kwa maana inachanganyika na hewa yote.

Katika damu kuna kitu chekundu chenye chuma ndani. Kazi yake ni kubeba oksijeni, kama bisi inavyobeba watu. Gazi hii inashika kiti kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi, na haishuki upesi. Oksijeni inabaki barabarani. Mama mwenye mimba, usikie vizuri: damu ya mtoto tumboni inaishika zaidi na kuiacha polepole kuliko yako. Wewe unaweza kusikia nafuu, na yeye bado anakosa oksijeni.

Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, unatapika, miguu inalegea. Watu wanasema ni malaria. Lakini malaria haishiki watu wote wa nyumba saa moja, wala haipungui ukitoka nje. Na aliyekwisha kulala hasikii kitu.

Ikitokea, fungua milango, toa watu wote nje, kisha mbabula. Usipoteze wakati na maziwa ao mafuta ya mawese. Hayatoi gazi katika damu. Enda hospitali upesi, na useme wazi: «Tulilala na mbabula.» Usiposema, munganga atatafuta malaria. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gazi inatoka kwa saa 4 ao 5. Kwa oksijeni ya hospitali, kwa saa 1 na zaidi kidogo.

Na baridi ya mtoto, je? Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, mufungwe kitambaa, na blanketi juu yenu wawili. Mwili wako una digrii 37 usiku kucha, bila makala. Ukichoka, baba naye ana kifua.

Najua wengine wanaingiza mbabula kwa kuogopa wezi. Basi mwaga makala nje, yazime kwa maji ao mchanga, ngoja mpaka yapoe kabisa. Mbabula tupu ndiyo uingize.