Taa Nyekundu ya Oili: Ni Sensa au Ni Injini?



Kwa wengi wetu, gari la kwanza tunalonunua hapa Dubai ni la mkononi, na ndilo linalotupeleka kazini na kuwapeleka watoto shule. Siku taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili inapowaka kwenye dashibodi, kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kusema "ni sensa tu" na kuendelea na safari. La pili ni kukubali injini nzima ifunguliwe kwa sababu ya kifaa kidogo cha bei nafuu.

Sensa hufanya nini

Pampu husukuma oili ipite katikati ya vyuma vinavyozunguka ndani ya injini, visisagane. Sensa ya presha hufungwa kwenye injini, mara nyingi karibu na filta ya oili. Presha ikishuka mno, taa huwaka. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa lazima iwake. Injini ikishawaka, izimike ndani ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, nalo ni tatizo: siku presha ikipotea hutaonywa.

Ikiwaka barabarani

Toka barabarani, simama mahali salama na uzime injini mara moja. Dakika chache bila presha zinatosha kuiua injini. Kwenye barabara kubwa kama Sheikh Zayed, washa taa za tahadhari, na watu wote wakae nyuma ya kizuizi, mbali na magari. Kukiwa na hatari, piga polisi 999.

Gari likiwa sehemu tambarare, subiri kama dakika kumi. Vuta kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe hadi mwisho, kivute tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini, ongeza ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha tafuta inapovuja. Oili ikiwa ya kutosha na taa bado inawaka, usiendeshe. Ita gari la kuvuta.

Fundi afanye nini

Kwanza, aangalie plagi na waya wa sensa. Joto la hapa hukausha plastiki ikapasuka, na oili ikilowesha plagi ni dalili kwamba sensa inavuja. Gari likiwa na sensa ya kisasa, kompyuta itatoa namba. P0520, P0522 na P0523 huelekeza kwenye sensa au waya wake. P0524 inasema presha iko chini.

Lakini namba peke yake haitoshi. Mwombe afungue sensa na kufunga geji ya presha mahali pake, kisha awashe injini. Geji ikionyesha presha inayolingana na kitabu cha gari, kosa liko kwenye sensa au waya. Ikionyesha presha ndogo, sensa inasema kweli, na kuibadilisha ni kuificha hatari.

Jihadhari na hili: taa inayopepesa kwenye foleni wakati wa joto, kisha kuzimika ukikanyaga mafuta, mara nyingi si sensa. Oili ikichemka huwa nyepesi, na pampu au injini iliyochoka hushindwa kushika presha.

Kubadilisha

Injini ipoe, na waya hasi wa betri uondolewe. Plagi ichomolewe, sensa ifunguliwe kwa soketi ndefu, na oili kidogo itakayotoka ifutwe. Sensa mpya ianze kukazwa kwa mkono, kisha kwa spana bila nguvu nyingi, kwa maana ikizidi hupasua uzi. Baadaye washa injini, angalia kama taa imezimika na kama hakuna kinachovuja, halafu pima oili tena.

Gereji zimejaa Al Quoz na Ras Al Khor, na vipuri vilivyotumika vinapatikana Sharjah. Hata hivyo, sensa nunua mpya, na uende na mulkiya ili muuzaji atumie namba ya chesisi. Uliza bei ya kazi na ya kifaa kabla fundi hajagusa kitu, iandikwe, na uulize kama ile kodi ya asilimia 5 imo. Omba pia urudishiwe sensa ya zamani.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.