Wasomi wapimwa kwa marejeo, ushirikiano wa majirani bado haba

MACHI 2021 malori ya mahindi kutoka Tanzania na Uganda yalikwama mpakani baada ya Kenya kusitisha uagizaji kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lenyewe halikumaliza wiki, lakini likafuatwa na masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni moja.

Namba hiyo 10 haikuanzia ofisini kwa ofisa wa forodha. Ilitoka kwa watafiti. Sumukuvu ilianza kufuatiliwa mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Huku kwetu, mwaka 2004, watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafariki. Makala za kisayansi zilizoandikwa juu ya vifo hivyo zinasomwa hadi leo duniani kote.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayelipia kipimo cha maabara kabla ya kuvuka Namanga au Busia ana haki ya kuuliza: na hawa wanaotupimia mahindi, wao wanapimwa na nani?

Wanapimwa kwa marejeo. Mtafiti anapochapisha makala kwenye jarida, huorodhesha mwishoni kazi za wenzake alizozitumia. Kila kazi inayotajwa humo imepata rejeo moja. Ni kama deni linaloandikwa hadharani: fulani alinikopesha wazo, nami nakiri.

Aliyeyageuza madeni hayo kuwa hesabu ni Mmarekani Eugene Garfield. Mwaka 1955 alipendekeza faharasa ya marejeo, akiiga kitabu ambacho mawakili wa Marekani walikitumia kujua kama hukumu ya zamani bado inafuatwa na mahakama. Faharasa yake ya sayansi ikaanza kutoka mwaka 1964. Shabaha ilikuwa kumsaidia msomaji kupata makala anayoihitaji. Kuwapanga watu kwa madaraja kulikuja baadaye, na ndiko kulikoshika.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akaleta kipimo kinachoitwa h. Hesabu yake haina ugumu. Mtafiti mwenye makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10 ana h ya 10. Mwenye makala 50 zilizorejelewa mara mbili mbili ana h ya 2 tu. Na aliyeandika makala moja pekee iliyorejelewa mara 1,000 ana h ya 1. Ni sawa na kumpima mchuuzi kwa idadi ya bidhaa zake zinazotoka vizuri: rafu iliyojaa vitu visivyonunuliwa haimsaidii, wala bidhaa moja inayogombewa haimtoshi.

Kila mizani ina wanaoichezea, na wauza mahindi hawahitaji kufundishwa hilo. Wako wanaojirejelea wenyewe, wengine hurejeleana kwa zamu na marafiki. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliohusu watafiti 100,000 hivi wanaorejelewa sana ulikuta angalau 250 ambao zaidi ya nusu ya marejeo yao yalitoka kwao wenyewe au kwa walioandika nao. Idadi ya waandishi nayo ina mambo yake. Makala moja ya fizikia ya mwaka 2015, juu ya uzito wa chembe ya Higgs, ilikuwa na waandishi 5,154. Katika kurasa zake 33, kurasa 24 zilikuwa orodha ya majina na taasisi. Rejeo moja la makala hiyo linamwingia kila mmoja wao.

Lakini kwa nchi za ukanda huu, jambo zito zaidi ni nani anaandika na nani. Benki ya Dunia na kampuni ya uchapishaji ya Elsevier zilitoa ripoti mwaka 2014 juu ya utafiti wa Afrika kusini mwa Sahara kati ya 2003 na 2012. Mwaka 2012, karibu asilimia 70 ya utafiti wa Afrika Mashariki ulifanywa kwa ushirikiano wa kimataifa. Ule uliofanywa na Waafrika wa nchi mbalimbali peke yao, bila mshirika kutoka Afrika Kusini wala nje ya bara, ulikuwa asilimia 2 tu.

Asilimia mbili! Mtafiti wa Nairobi alikuwa karibu zaidi na mwenzake wa London kuliko na wa Arusha, ambaye basi la asubuhi lingemfikisha kwake kabla ya jioni. Wafanyabiashara wanaujua mtindo huu: kahawa ina njia iliyonyooka kwenda Ulaya, mayai ya jirani yanahojiwa mpakani.

Sababu kubwa ni fedha. Mfadhili wa mbali ndiye mwenye ruzuku na mashine, na ndiye mara nyingi anayechagua swali la kutafitiwa. Mizani yenyewe inasukuma huko huko, kwa kuwa makala zenye washirika wa nje hurejelewa zaidi. Mtafiti anayetafuta kupanda daraja hana kishawishi kikubwa cha kubisha hodi kwa jirani.

Hasara inaonekana kwenye gunia. Ukungu hausimami Namanga kugongewa muhuri. Dawa ya Aflasafe, inayotumia ukungu wa asili usio na sumu ili kuusukuma nje wenye sumu, ilibidi iandaliwe na kusajiliwa nchi kwa nchi: Kenya ina yake, Tanzania ina zake. Pale watafiti wa pande mbili wanapofanya kazi pamoja na kukubaliana juu ya namna ya kuchukua sampuli, cheti kilichotolewa upande mmoja kinakuwa rahisi kuaminiwa upande wa pili. Wasipofanya hivyo, shehena moja hupimwa mara mbili na mwenye mzigo hulipa mara mbili.

Tangu tamko la San Francisco la mwaka 2012, vyuo na wafadhili wametakiwa kutazama kazi yenyewe badala ya namba ya jarida. Hata hivyo kijitabu cha Kiswahili kinachomweleza mkulima akaushe mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, hakiingii kwenye h ya mtu yeyote, hata kikiokoa shehena nzima isirudishwe mpakani.