Machungu ya Utotoni na Akili ya Kijana: Msaada Huanzia Wapi

Kijana wa miaka 22 anapojitenga na wenzake, akasahau alichoelekezwa asubuhi, au akawaka hasira kwa neno dogo, jamii huwa na majina tayari: mvivu, jeuri, karogwa. Majina hayo hufunga mlango kabla swali halijaulizwa. Wataalamu wa afya ya akili huanza kwa kuuliza: alipitia nini alipokuwa mtoto?

Swali hilo lina msingi wa kitafiti. Kati ya mwaka 1995 na 1997, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda waliongoza utafiti uliohusisha watu wazima zaidi ya 17,000 huko San Diego, Marekani. Waliulizwa kuhusu kupigwa, kutukanwa, kudhalilishwa kingono, na kuishi na mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Ilibainika kuwa kadiri mikasa hiyo ilivyokuwa mingi, ndivyo uwezekano wa sonona, ulevi na kujaribu kujiua ulivyopanda.

Wala si mambo ya ughaibuni tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliowahoji Watanzania wa miaka 13 hadi 24, ulionesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na takribani mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa rika lile sasa ni wazazi.

Mtoto anapoogopa, mwili wake humwaga homoni za tahadhari, mojawapo ikiwa kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini mtoto anayesikiliza kila usiku mlango unavyofunguliwa, ili ajue baba amerudi katika hali gani, hapati utulivu huo. Ubongo wake huzoea kukesha. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosimamia kupanga, kushika maelekezo na kuzuia ghadhabu, huendelea kukomaa hadi kukaribia umri wa miaka 25. Kwa mtoto huyu hukomaa katikati ya hofu. Ndiyo maana akiwa mtu mzima huweza kuuona uso uliotulia kuwa una hasira, kukosa usingizi, au kuhesabu kila baya kuwa kosa lake. Wengine hawagombi wala hawalii, hunyamaza tu, na hao ndio husahaulika haraka.

Hata hivyo, si kila aliyeteseka huugua. Mtu mzima mmoja anayeaminika, awe bibi, shangazi au mwalimu, ni kinga kubwa. Aliyekwishaathirika naye hutibika kwa ushauri nasaha, na kwa dawa pale daktari anapoona zinahitajika.

Jambo hili linagusa hata vikundi vya vijana vinavyokopeshwa fedha za asilimia 10 ya mapato ya ndani. Viongozi wa vikundi wanaombwa kumwita na kumsikiliza mwenzao aliyeacha ghafla kuhudhuria vikao, kabla ya kulifuta jina lake.

Anayehitaji msaada aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, au aonane na Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye humpa rufaa inapobidi. Kijana anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto anayetendewa ukatili sasa, taarifa ifikishwe kwa Mtendaji wa Kijiji au Kata, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa simu namba 116, ambayo hupigwa bila malipo. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kutoa taarifa hiyo ni wajibu wa kila mwanajamii, akiwamo jirani anayesikia kilio ukutani.