Kabla Hujalipia Kitimwendo

Kaka yangu alikatwa mguu chini ya goti baada ya ukuta wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, kummegukia machimboni Geita. Kidonda kilipofunga, tukadhani kilichobaki ni kutafuta mguu bandia tu. Tulikwenda ofisi moja mara 3. Mara ya kwanza barua ya mtendaji haikuwa na mhuri. Mara ya pili mhuri upo, mhusika yuko semina. Mara ya tatu tukaambiwa rufaa ianzie zahanati. Kila safari ni nauli ya watu 2, kwenda na kurudi, na bodaboda juu yake, maana mtu aliyeanza magongo juzi hawezi kujikokota juani kutoka stendi. Nauli hizo hazina risiti, lakini unapolinganisha bei anza nazo.

Swali la kwanza ni hili: mtu aliumia akiwa kazini kwa nani? Kama ni mwajiriwa, iwe mgodi mkubwa au gereji ya Kahama, njia nafuu kuliko zote ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya 2008. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake, na fidia inahusu matibabu, viungo bandia na utengamao. Taarifa itolewe ndani ya miezi 12, basi usikubali kuzungushwa na ahadi za bosi. Shida iko kwa vijana wa maduara, wanaolipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe. Hawana mkataba wala hati ya mshahara, na kuthibitisha kwamba walikuwa waajiriwa ni kazi ngumu. Kaka alikuwa mmoja wao. Inaniuma mpaka leo kwamba wanaoshuka shimoni bila ulinzi ndio wanaopanda bila fidia.

Nje ya WCF, mwenye bima ya afya asiulize kwa ujumla kama "vifaa vinalipiwa". Ataje kifaa kwa jina, yaani magongo, shime sikio au mguu bandia, aulize kiwango, na apate kibali kabla ya kutoa hela mfukoni. Asiye na bima aanzie kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Sasa kitimwendo. Vile vya chuma vinavyokunjwa, vyenye vigurudumu vidogo mbele, huwa na bei inayovutia. Vilitengenezwa kwa sakafu ya wodi. Kipeleke Shinyanga vijijini: kwenye luseni vigurudumu vinazama mchangani, na kwenye mbuga, mvua ikinyesha, udongo mweusi unaganda mpaka kiti hakiendi mbele wala nyuma. Kwa njia zetu, kiti kirefu chenye gurudumu moja kubwa mbele kinafaa zaidi hata kama bei imepanda. Angalia pia tairi: je, ni saizi ya baiskeli ya kawaida? Kama ndiyo, fundi wa Katoro anaziba pancha siku hiyohiyo. Kama siyo, kiti kitalala kona ya nyumba kikisubiri spea.

Kisha mto. Mtu asiyehisi makalio, akikalia kitambaa kitupu kutwa nzima, hupata vidonda vinavyochimba hadi mfupani, na matibabu yake yanapita bei ya kiti chochote. Kiti kisicho na mto hakijakamilika, hata kiwe cha bure. Kwa hiyo msaada wa mkutanoni, unaogawiwa bila mtu kupimwa nyonga wala urefu wa paja, nauhesabu kuwa ghali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 unataka tathmini, kupimwa, mafunzo na ufuatiliaji. Ukipewa kiti hivyo, pokea, kisha kipeleke kwa mtaalamu akirekebishe.

Ukinunua dukani, kumbuka kwamba vitimwendo vimesamehewa VAT. Muuzaji akiiongeza kwenye risiti, muulize. Na kwa wanaoishi jirani na migodi: tangu mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017, mgodi hukubaliana na halmashauri mpango wa kuhudumia jamii. Muulize diwani wako kama vifaa saidizi vimo. Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu ni mkopo, japo hauna riba. Ichukue kwa biashara.

Mguu bandia una safari zaidi: kupima, kujaribisha, kurekebisha, halafu kurudi tena kigutu cha mguu uliokatwa kinapopungua unene na kikombe kinachokivaa kuanza kucheza. Kwa hiyo karakana ya karibu inashinda ya bei ndogo iliyo mbali. Sisi tulichagua Mwanza badala ya Moshi au Dar es Salaam. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Geita hasubiri tena kivuko.

Siku ya vipimo, mtaalamu alifunga plasta kwenye kigutu cha kaka, akaandika namba zake, kisha akauliza kwao njia ikoje. Popote tulipopita hakuna aliyekuwa ametuuliza hivyo. Kaka akajibu: luseni mpaka kisimani, mbuga kuanzia pale. Akaandika na hilo.