Kisigino cha mtoto na spoku za baiskeli

Baiskeli ikibeba gunia na mtoto kwa safari moja, gunia ndilo hufungwa vizuri. Mtoto huambiwa tu ashike sana. Lakini kinachoumia mara nyingi si mikono, ni miguu.

Miguu ya mtoto mdogo huning'inia karibu na spoku. Akisinzia, au njia ikiwa na mashimo, kisigino huingia kati ya gurudumu na fremu. Kidonda huweza kuonekana kama mchubuko, kumbe ngozi iliyobanwa inakufa na kuwa nyeusi baada ya siku kadhaa, au mfupa umevunjika. Kwa hiyo mpeleke hospitali hata kama anatembea.

Mguu ukinasa, usiuvute kwa nguvu. Simama, na ikibidi kata spoku. Osha kwa maji safi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi (majivu na dawa ya meno viacheni), kisha ulizia chanjo ya pepopunda.

Fundi yeyote wa mtaani anaweza kuziba pande zote mbili za gurudumu la nyuma kwa wavu au plastiki ngumu na kuweka vyuma vya kukanyagia. Mzigo ufungwe chini, ulingane kushoto na kulia. Ukikaa juu, baiskeli huyumba. Jaza upepo, na jaribu breki mzigo ukiwa umeshapakiwa, maana baiskeli nzito huchelewa kusimama.

Gunia na mtoto kwa pamoja? Mimi ningeenda safari mbili.