Kupanda Pilipili Kali Pwani na Bara

Wakulima wengi hudhani ya kuwa pilipili kali humea popote. Sivyo. Mmea huu hupenda joto, na hufa kwa jalidi.

Huko Malindi hupandwa mvua ya masika inapoanza, lakini maji yakituama shinani mizizi huoza. Basi heri kupanda juu ya matuta. Limuru kwenye baridi, mbegu na zioteshwe kitaluni penye jua, zikifunikwa usiku. Miche huhamishwa baada ya majuma 6 hadi 8. Ukambani jua likizidi maua hupukutika, kwa hiyo tandaza nyasi zihifadhi unyevu.

Popote ulipo, usipande palipotoka nyanya au viazi vya kizungu, kwani hupatwa na maradhi yale yale. Asiyeangalia hayo hupoteza mbegu, jasho na msimu mzima.